Mwendo wa Mke wa Mpiga Picha

Kwa miaka thelathini na mmoja mpiga picha yule aliwaambia watu neno moja, mpaka neno lenyewe likamgeukia jina. Aliyeketi kwenye kigoda chake cha chuma, mbele ya kitambaa cheupe, aliambiwa ashushe kidevu kidogo, masikio yote mawili yaonekane, asicheke, kisha: tulia. Kamera ikalia, na mtu akatoka pale na sura nne ndogo zinazofanana, kila moja ikiwa na uso wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Basi mtaa mzima ukamwita Tulia, na hata barua za kodi ya chumba zikaja kwa jina hilo. Picha za Tulia hazikuwahi kurudishwa na ofisi yoyote. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake kubwa la kujisifia, na si jambo linalopendeza kusimuliwa mara mbili.

Ndani ya kamera kuna kipazia kinachofunguka kupokea mwanga, kisha kikajifunga. Mafundi hukiita shata. Kikifunguka na kufunga upesi, hata nzi anayeruka huganda hewani. Kikichelewa, kila kinachosogea huacha mkia kama rangi iliyoguswa kabla haijakauka. Tulia alikuwa ameweka kasi ya shata yake kwenye mia moja ishirini na tano, maana yake sekunde moja igawanywe vipande mia moja ishirini na tano, naye achukue kimoja. Halafu akabandika utepe juu ya kigurudumu cha kasi ili kisije kikasogezwa hata na shetani. Kamera ilipochakaa alinunua nyingine, akahamisha na utepe.

Mke wake alifariki mwaka juzi, mwezi uleule ambao ofisi ya vitambulisho, ng'ambo ya barabara, ilianza kupiga picha zake yenyewe kwa kijikamera kilichochomekwa kwenye kompyuta, kidogo kama yai la njiwa. Ilikuwa misiba miwili kwa mpigo, na Tulia, kwa kuwa mtu wa utaratibu, aliulia kwanza ule wa kwanza, na wa pili akauweka mpaka nafasi ipatikane. Wateja waliobaki walikuwa wale walioshindikana na lile yai: watoto wachanga, na wazee waliosinzia. Siku nyingine hakuja mtu. Alifungua saa mbili, akafagia, akanyoosha kitambaa, akaketi kwenye kigoda chake mwenyewe akiitazama kamera. Kamera nayo ikamtazama. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Jirani yake pale barazani alikuwa fundi cherehani, mtu ambaye mdomo wake na mguu wake wa kukanyagia vilifungwa kwa mkanda mmoja: mguu ukienda, mdomo nao unakwenda. Asubuhi moja fundi aliinua kichwa kutoka kwenye suruali aliyokuwa anaipunguza, akasema yule mama anayepita anatembea kama marehemu, hebu tazama. Tulia akatazama. Alichokiona ni kisigino kikiishia kwenye kona. "Kweli," akasema, kisha akaingia ndani, kwa sababu alikuwa amesema uongo.

Hakujua kama ni kweli. Alisimama katikati ya studio akajaribu kumfikiria mkewe akivuka chumba kile, na alichopata ni uso wake, umetulia, unamtazama. Akajaribu kumfikiria akipanda ngazi tatu za baraza, akirudi kutoka dukani, akitoka bafuni na ndoo. Uso uleule. Mabega yaleyale. Nyuma yake kitambaa cheupe.

Sababu ilikuwa kwenye makasha, chini ya meza ya kukatia karatasi. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Tulia alikuwa anapima mwanga kwa kumpiga mtu picha ya majaribio, na mtu mwenyewe alikuwa mkewe. Alimketisha kigodani, akamwambia lile neno, akapiga moja. Miaka ishirini na saba ya ndoa, ukitoa siku za mapumziko na za homa, ni picha zaidi ya elfu saba, na Tulia hakuwa mtu wa kutupa. Zote zimetazama mbele. Zote masikio mawili. Kwa picha zile mwanamke angepewa pasipoti ya nchi yoyote duniani, ila hakuwahi kusafiri. Tulia alishika bunda moja akalipitisha kwa kidole gumba, upesi, kama mtu anayechanganya karata. Mwanamke akazeeka mkononi mwake. Hakusogea.

Alichokitaka kuanzia siku ile kilikuwa kitu kidogo: amwone mkewe akitembea, japo mara moja, japo kwenye karatasi. Mtu mwingine angetafuta mkanda wa video wa harusi ya jamaa fulani. Katika harusi zote za jamaa, aliyeitwa kupiga picha alikuwa Tulia, na Tulia hakuwa na kamera ya video. Alikuwa na shata. Akaubandua utepe. Chini yake chuma kilikuwa kipya, kinang'aa, kama ngozi chini ya pete.

Mwanzo alijaribu vitu visivyo na haya. Maji ya bomba la uani, kwa kasi ya elfu moja, yakawa vipande vya kioo vilivyotawanyika. Kwa sekunde nzima, yaleyale, yakawa kama nywele za mzee zilizochanwa. Feni ikapoteza mapanga, ikawa duara la moshi. Kisha akamhamia fundi, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, mwanga wa asubuhi kabla jua halijakomaa, tundu la lenzi limebanwa kabisa ili picha isiungue kwa mwanga. Nusu sekunde. Cherehani ikatoka safi, suruali safi, na pale penye mkono wa kulia wa fundi pakawa na kitu kama mvuke wa birika.

Fundi aliitazama picha ile kwa muda. Akauliza mkono wake uko wapi. Tulia akamweleza kwamba mkono upo, ila ulikuwa kazini. "Miaka yote umetukataza kutikisika," fundi akasema, "leo mtu akitulia unamkasirikia. Kaka, amua moja. Sisi wengine tuna familia."

Wiki iliyofuata Tulia alitoa stendi barabarani, akaielekeza kwa wapita njia. Hapo ndipo alipoyaona matunda ya kazi yake. Muuza maziwa, alipoiona lenzi, alishuka kwenye baiskeli, akaushikilia usukani, akaweka kidevu chini kidogo. Mchukuzi mwenye gunia kichwani alisimama wima na gunia lake. Akina mama wawili waliokuwa wanabishana waliacha ugomvi katikati, wakarekebisha vitambaa vya kichwa, wakatoa masikio nje. Tulia akawapungia mkono, piteni, piteni jamani. Wakadhani anawasogeza wakae sawa, wakabanana. Aliacha shata wazi sekunde mbili kamili. Katika picha hapakuwa na hata mmoja aliyetikisika. Wasimamizi wa gwaride wangelia kwa wivu. Alikuwa amewalea watu wa mtaa mzima, tangu utotoni mpaka ndevu zao zikaota mvi, na sasa alikuwa mtu wa pekee pale ambaye, akitokea, kila mtu anaacha kuishi kidogo mpaka aondoke.

Akajificha. Alitundika shuka kwenye kamba ya kuanikia, akatoboa tundu, akaketi nyuma yake na kamera kama mpelelezi asiye na serikali. Wakaanza kupita bila kujua. Kwa majuma matatu Tulia alijifunza mambo ambayo mtu wa macho ya kawaida huyajua bila kusoma. Kwamba kwa kasi ya thelathini mtu mzima anayetembea anakuwa sanamu yenye viatu vyenye ukungu. Kwamba kwa nane, ukimfuata kwa lenzi kwa kasi yake mwenyewe, ukuta wa nyuma unageuka michirizi, na yeye anabaki katikati, karibu mzima, kama anayebebwa na upepo. Kwamba kwa nusu sekunde uso unafutika kabisa lakini mwendo unabaki: kichwa cha muuza maziwa huchora mstari mnyoofu, cha mchukuzi hupanda na kushuka kama sindano ya kushonea godoro. Ungeweza kumficha mtu uso, bado mtaa ukamtambua. Lakini waliopita wote walikuwa hai, na wa watu wengine.

Alibaki mtu mmoja wa kumwomba. Mdogo wa marehemu alikuwa mkunga aliyestaafu, anaishi upande wa pili wa mji, na kila mtu tangu zamani alisema wale dada wawili ni kama pande mbili za kanga moja. Tangu siku ya mazishi Tulia hakuwa amemwona. Hawakugombana; ugomvi ungekuwa na nafuu, maana ugomvi una siku ya kupatana. Ni kwamba aliyewaunganisha ndiye hakuwepo tena. Ilimchukua siku nne kupiga simu, na alipopiga alisema anataka kumpiga picha, akashindwa kuendelea. Shemeji yake akauliza ni ya kitambulisho. Tulia akasema si hasa.

Alikuja Jumatano saa nne asubuhi, gauni limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, nywele zimesukwa upya. Fundi alimkaribisha kwa heshima zote, akamwambia ajihadhari, huyu bwana siku hizi anakata watu mikono. Yeye akacheka, akaingia moja kwa moja, akaketi kigodani, akashusha kidevu.

"Hapana, shemeji," Tulia akasema. "Inuka. Nataka utembee."

Akauliza atembee kwenda wapi. Tulia akamwonyesha: kutoka mlango wa uani mpaka kwenye tangi la maji, kando ya ukuta. Mkunga akamtazama kama alivyowatazama wanaume wengi katika kazi yake, wale wanaozimia mlangoni, akaamua kutouliza. Akatembea. Alitembea kama mtu anayetazamwa: mikono imekaza, magoti yanahesabu. Mara ya pili hivyohivyo. Kila alipofika karibu na lenzi alisimama mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu naye Tulia alikuwa amempiga picha tangu ujana wake. Kwenye mara ya tisa miguu ilianza kumuuma, akasahau kwamba anatazamwa, akaanza kulalamika juu ya bei ya nauli huku anakwenda, na hapohapo Tulia akamfuata kwa lenzi, kasi ya nane. Ukuta ukawa michirizi. Katikati yake mwanamke amepita na hasira zake, mkono mmoja mbele, gauni nyuma. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na alilijua hilo.

Akaileta kompyuta yake ya kupakata mpaka kwenye ngazi ya uani ili aione. Moyo wake ulikuwa unakwenda kwa kasi ambayo hakuwa na kigurudumu chake. Akauliza kama ndivyo marehemu alivyokuwa anatembea.

"Nani amekwambia natembea kama dada?"

Watu, akasema Tulia.

"Watu! Mimi natembea kama baba, Mungu amrehemu, miguu nje kama bata. Dada alichukua kwa mama." Akaiweka kompyuta magotini, akamtazama. "Shemeji, umeishi naye miaka ishirini na saba, unakuja kuniuliza mimi?"

"Nimesahau."

Mkunga akaifunga kompyuta. Katika kazi yake alikuwa amewapa watu habari za kila aina, na alijua kwamba ya kweli husemwa kwa sauti ya kawaida.

"Hujasahau," akasema. "Ulikuwa unatembea mbele. Ungemwonaje?"

Tangi la maji lilikuwa linavuja, tone, tone. Tulia alitaka kukataa, akajikuta anasikia kitu badala ya kukiona: barabara ya sokoni, mkoba wa kamera begani, na nyuma yake kandambili. Mbili za kawaida, kisha moja fupi yenye mburuto. Pa, pa, shwa. Miaka yote hiyo alikuwa anaisikia sauti ile, na hakuwahi kujiuliza ni ya mguu gani. Akamwigia shemeji yake kwa mdomo, kwa aibu. Pa, pa, shwa.

Mkunga akacheka mpaka akashika mbavu. Ndiyo hiyo hiyo, akasema. Nyumbani kwao walikuwa wakiigiza, mchezo wao ulikuwa na jina kabisa: mke wa mpiga picha anakwenda sokoni. Akasimama, akashika kitambaa cha kichwa kwa mkono wa kushoto, akapiga hatua mbili, kisha kijikimbio cha hatua moja, kama mtoto anayeachwa. Mbili, kijikimbio. Mbili, kijikimbio. Akafika kwenye tangi akihema.

"Alikuwa kilema?" Tulia akauliza.

"Alikuwa anakukimbilia wewe. Una miguu mirefu na hugeuki nyuma."

Mkunga alipoona uso wa mwenzake akaacha kucheka, akarudi kuketi. Akasema haikuwa kitu kibaya, dada mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka mchezo ule. Akiwa nao, upande wa kwao, hakuwa anatembea vile. Alikwenda polepole mno, anayumba kidogo, kama mtu aliyemaliza kula. Tulia akauliza, na akiwa peke yake je, alitembeaje. Mkunga akafikiri kwa haki kabisa.

"Hilo sijui. Nilipokuwepo hakuwa peke yake."

Fundi, upande wa pili wa ukuta, alisimamisha cherehani ili asikie vizuri, na kimya chake kikasikika kuliko cherehani. Mwishowe mkunga akasema mwendo upo wa aina mbili, achague anataka upi aigiziwe: ule wa kumfuata mume, au ule wa nyumbani. Tulia hakuchukua muda. Akasema ule asioujua.

Ule ulikuwa na shida yake. Ulihitaji mtu wa pembeni, mkunga akaeleza, kwa sababu walikuwa wanashikana viwiko, na dada alikuwa anamwegemea mwenzake uzito wote, hasa mteremkoni. Hauwezi kuigizwa na mmoja. Na uani pale walikuwa wawili tu, ukiacha sikio la fundi.

Basi Tulia aliiweka kamera kwenye stendi, nusu sekunde, akaitegesha ipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akakimbia mpaka mlangoni, akatoa kiwiko. Shemeji yake akakishika, akasema fundi asipofika na habari hii sokoni kabla ya adhuhuri atakuwa mgonjwa. Wakatembea. Kamera ilipolia Tulia alikuwa ameshatoka nje ya picha, na mkunga anaonekana peke yake, amenyoosha mkono mbele kama anayeburutwa na mbuzi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alionekana Tulia kisigino. "Pole pole, huendi popote," mkunga akamwambia, na akaanza kumvuta nyuma kwa kiwiko, kama mtu anayezuia mkokoteni. Tulia hakuwa anajua kwamba kutembea polepole ni kazi. Paja lilimtetemeka. Hakujua macho ayaweke wapi, kwa kuwa pale alipozoea kuona barabara tupu sasa palikuwa na bega la mtu. Mara ya saba, uzito ukamwegemea ghafla upande wa kushoto, mzito, bila haraka, unayumba; hakugeuka kutazama kwa kuogopa kuuharibu, akauacha umwegemee, na kamera ikalia kule mbele.

Waliitazama wakiwa wamesimama. Hapakuwa na uso hata mmoja. Michirizi miwili ya watu, mmoja mrefu na mmoja mfupi, imeshikana pale penye viwiko kiasi kwamba hujui nguo ya nani imeishia wapi; ule mfupi umelala kidogo juu ya ule mrefu. Mkunga aligusa ule mfupi kwa ncha ya kidole, akaiacha pale kwa muda.

"Ndiye," akasema. "Dada mwenyewe. Kasoro moja tu, pale pa kwangu umesimama wewe."

Tulia akaangalia sana. Aliona mwanamke ambaye angependa sana kufahamiana naye. Akauliza kama kila siku alikuwa hivi, akajibiwa kila siku, kila walipokutana, na akauliza wakati ule walikuwa wanazungumza nini. Mkunga akasema mambo ya wanawake, shemeji, na mengine wewe. Kisha akalinyoosha gauni lake, akasema gari zinajaa mchana, akakataa kusindikizwa. Nakala aliyochapiwa akaifunga ndani ya gazeti, akaiweka kwenye mkoba upande wa ndani, akaondoka na miguu yake ya bata. Hakusema atakuja tena lini, wala Tulia hakujua mtu anaulizaje hilo.

Alfajiri ya kesho yake aliichapa kubwa, ukubwa ambao hakuna ofisi inayouomba, akaitundika studio, mahali ambapo mteja akiingia ataiona. Mteja hakuingia. Aliyeingia, karibu na saa nne, ni fundi, na kipimo shingoni. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, kama anayepima koti la mtu aliyekunja mgongo. Akauliza hao ni kina nani.

"Mke wangu na mdogo wake," Tulia akasema. "Wanakwenda sokoni."

Fundi akaitazama ile michirizi miwili. Juu ya ule mrefu, pale jua la uani lilipopiga, palikuwa na mng'ao wa duara, mlaini, usio na unywele hata mmoja. Akakitazama kipara cha mdogo mtu. Akakitazama na kile cha Tulia. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulikatia pindo, na mdomo wake ulifunguka kabisa.

"Wamependeza," akasema, akarudi barazani kwenye suruali zake.